Mbaya wa Kitabu Changu

Februari 4

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa miguu ya mama, ambayo huvimba kila akikaa na cherehani kutwa nzima, na ukimwambia apumzike anakuuliza nguo za watu atazishona nani. Kaka yangu amepata tena kazi ya udereva. Tunaomba mara hii asigombane na tajiri wake. Mimi bado niko kwenye duka la dawa. Msimu wa kikohozi umeanza, sina hata nafasi ya kujikuna kichwa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka niliwahi kukudokeza kwamba naandika kitu nyuma ya kaunta, wateja wakipungua? Kimekwisha. Ni riwaya. Nilikipeleka kwa wachapishaji bila kumwambia mtu, nikijua wakikikataa nitaaibika peke yangu. Hawakukikataa. Wiki iliyopita nilipata jibu: wanakitaka, mkataba unaandaliwa, niwe na subira.

Najua utaniuliza wachapishaji gani. Ndio haohao, Shangazi, wa ofisi yako ya zamani. Barua imetiwa saini na yule mnayemwita Bwana Koma. Sikukwambia mapema kwa sababu nilijua utasema nini. Basi sema, nakusikiliza, ila fahamu kwamba nimefurahi mno na ningependa mtu wa damu yangu afurahi nami. Mama nimemwambia. Alisimamisha cherehani, akanitazama, akauliza kama na yeye yumo ndani. Nikamjibu yumo kidogo.

Mwanao

*

Februari 21

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mama yako aweke miguu kwenye maji ya chumvi. Najua hafuati ushauri wangu, lakini mwambie. Mimi nipo. Presha inapanda na kushuka, bati linavuja palepale. Baba yako hajambo, yuko alipo.

Hongera. Nimeliandika neno hilo kwanza usije ukasema sikuliandika. Sasa nisikilize.

Yule mtu nilimfanyia kazi miaka ishirini na miwili. Nimesoma prufu za vitabu vyake, nikisahihisha kila ukurasa kabla haujachapwa, mpaka macho yakaniisha. Tulimwita Bwana Koma kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kutua, akakohoa, akafuta miwani kwa tai, ndipo aendelee. Na kila anapokohoa ujue linalofuata ni uongo. Mwaka ule kile kitabu cha hesabu kilipotoka na kurasa kumi na sita zimefungwa kichwa chini, kosa lilikuwa la kiwandani, kwa wanaojalidi, na kila mtu alilijua. Walimu walipokuja juu, akaniita mbele ya ofisi nzima, mpaka mfagizi, akanikabidhi kitabu na kuniamuru nikisome kwa sauti. Nikakigeuza ili nisome. Akakohoa, akasema hapana, kirudishe kama ulivyokipitisha. Nikasoma maneno yamesimama kwa vichwa, mwanangu, mwanamke mzima mwenye mvi, nakwama kila neno, na wenzangu wanacheka kwa kuwa yeye anacheka. Mwisho wa mwezi sina kazi. Leo wewe unampelekea kitabu.

Kichape mwenyewe. Mchapishaji anakufanyia nini? Anakichukua, anakikata anapotaka, anakiweka foleni miaka miwili, halafu anakumegea kipande kidogo na kukuambia ushukuru. Ukichapa mwenyewe kila neno ni lako, jalada ni lako, faida ni yako, hasara nayo ni yako lakini angalau hukuibiwa. Namjua mpiga chapa mmoja, tunamwita Fundi Wino, sijawahi kuiona mikono yake ikiwa misafi, lakini kazi yake ni safi kuliko ya wale wenye viyoyozi. Prufu nitasoma mimi. Mkataba ukifika usitie saini. Na mswada nitumie niusome, nijue tunazungumzia kitu gani.

Akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Waliosema hivyo walikuwa wamefanya kazi kwa Bwana Koma.

Shangazi yako

*

Machi 9

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa presha. Mama ameweka miguu kwenye maji ya chumvi. Nilimwambia ni ushauri wa daktari.

Kisa cha kitabu cha hesabu sikuwa nakijua chote. Kimenikata maini, sikufichi. Lakini hasira zako ni zako, na kitabu ni changu.

Hapa mtaani kuna mwalimu mstaafu aliyechapa kitabu chake mwenyewe. Maboksi yamejaa chini ya kitanda, mengine yamefanywa meza ya runinga. Anakuja dukani kununua dawa ya mgongo, na mgongo wenyewe ameuumiza kwa kubeba maboksi hayohayo. Watu wanamwamkia wakiwa upande wa pili wa barabara, kwa sababu akikufikia atakuuzia. Mtu mwema, ana vitu vya maana vya kusema, na tunamkimbia. Mimi sitaki kukimbiwa. Nataka kitabu kikae dukani kwenye rafu, kisomwe mashuleni, kiwe na nembo ambayo watu wakiiona wanajua kimepita mikononi mwa wakali.

Tena nikwambie ukweli. Kuna msomaji mmoja ninayemwandikia. Nataka akikute kila mahali atakapopita, na asiweze kusema hizi ni karatasi za mtu mwenye kinyongo zilizochapwa uchochoroni. Zaidi ya hapo usiniulize. Mswada sikutumii, utasoma kikitoka, kama watu wengine.

Halafu umeandika baba hajambo, yuko alipo. Sikumuulizia.

Mwanao

*

Aprili 12

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli zangu. Bati limezibwa. Nimetengeneza miwani mpya, naona mpaka vumbi la jirani. Kaka yako bado hajagombana na tajiri wake? Mwezi wa pili huu, tumshukuru Mungu.

Mkataba umefika? Nauliza tu. Kama haujafika, mimi sisemi kitu. Subira yavuta heri, lakini kwa mtu yule huvuta kikohozi.

Nina swali dogo la kitaaluma. Mwandishi akimwandika mtu mbaya katika kitabu, ni lazima awe amemtoa kwa mtu fulani? Mimi naona mbaya ni mbaya. Umvalishe koti hili au lile, msomaji atapata funzo lilelile.

Usijichoshe kwa kusubiri. Kula vizuri.

Shangazi yako

*

Mei 15

Shangazi,

Shikamoo. Kaka amegombana na tajiri wake. Amerudi nyumbani, analala mpaka jua linamchoma usoni, na mama anamtetea.

Mkataba haujafika. Nimeandika mara mbili bila kujibiwa. Juzi nikapiga simu ofisini kwao. Karani akanifanya nisubiri, akarudi, akasema faili langu limefungwa, akakata. Nilibaki na simu sikioni na mteja mbele yangu anataka dawa ya minyoo. Shangazi, nilijisikia vibaya mpaka nikampa dawa ya mafua. Mama ameacha kuuliza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana kuna kitu alikuwa anakisubiri katika kitabu kile na hakusema.

Huenda wewe ndiye uliyekuwa na haki. Haya, nimesema.

Kuhusu swali lako: hapana, mtu mbaya si koti. Ana mwendo wake, ana namna yake ya kushika kikombe. Ukimvalisha la mwenzake, huyo mwenzake ndiye atakayezomewa, na mwenyewe ataendelea kunywa chai yake. Lakini mbona uliniuliza?

Mwanao

*

Juni 3

Mwanangu, mwandishi wangu,

Marahaba, tena marahaba. Kabla hujafungua boksi lililokuja na barua hii, keti.

Umefungua? Ni chako. Jina lako liko juu ya jalada, kubwa, wala hakuna koma hata moja juu yake. Fundi Wino amechapa nakala mia tano. Akiba yangu ya mazishi imeingia humo yote, nitazikwa kwa mkopo na sijutii.

Mswada niliufuata mwenyewe. Mwezi wa tatu, nilipopata ile barua yako ya mwalimu wa maboksi, nilivaa gauni langu la kijani nikaenda ofisini kwa yule mtu. Miaka sita sijakanyaga pale. Nikamwambia mwandishi amebadili nia, amenituma mimi shangazi yake nichukue kazi yake. Alikohoa mara tatu, akafuta miwani, akataka kubisha. Palikuwa na wageni. Nikaanza kupandisha sauti kidogo, akatoa mswada haraka. Nilitoka nao kifuani kama mtoto aliyeponea motoni.

Nisamehe kwa kukuzungusha. Ningekuomba ungekataa.

Sasa sikia uhondo. Vitabu vinauzwa. Nimesimama getini kwa shule zote ambazo walimu wake wananikumbuka, nimeingia masokoni, nimeingia mabenki. Mtu ananunua kimoja, kesho anarudi kununua cha shemeji yake. Kwa nini? Kwa sababu wamemtambua. Mji mzima unakohoa, mwanangu. Watoto wa shule wakimwona wanatua, wanakohoa, wanafuta miwani ambayo hawana. Nasikia siku hizi anaingia ofisini kwa mlango wa nyuma. Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu siku ile ya kitabu cha hesabu.

Nimekirekebisha kidogo tu. Sura ya saba nimeiondoa, ilikuwa inachelewesha hadithi. Na yule mbaya wako nimembadilisha kazi na tabia mbili tatu.

Furahi. Tumempata.

Shangazi yako

*

Juni 16

Shikamoo. Salamu zimekwisha.

Nimekisoma mara moja, nimesimama palepale dukani, na nimefunga duka mchana kweupe kwa sababu mtu mwenye hasira hizi hapimi dawa.

Tumempata nani, Shangazi? Mimi na huyo mkohozi wako tuna ugomvi gani? Mimi niliandika mpima ardhi. Mwanamume anayepima kila kitu kwa hatua, anayejua upana wa kila chumba alichowahi kulala na hajui mkewe anapenda nini. Ulimjua tangu ukurasa wa kwanza. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba sura ya saba ilikuwa inachelewesha hadithi. Sura ya saba ndiyo hadithi.

Nikukumbushe, kwa kuwa uliiondoa. Nilikuwa na miaka tisa, nimerudishwa kutoka shule na homa, nimesimama kwenye korido na hakuna aliyeniona. Mama yuko kitandani anakunja nguo zake, maana ameambiwa mpaka saa kumi awe ametoka. Baba anapima chumba. Anataka kujua kama kabati la yule mwanamke anayekuja jioni litaenea kati ya dirisha na mlango. Mama anakunja, yeye anapima, anamwomba asogeze miguu ili utepe upite. Na utepe una ncha mbili, Shangazi. Moja alishika baba. Ya pili ulishika wewe. Ukamsomea namba kwa sauti, vizuri, bila kukosea, ukasema litaenea.

Nilikupa sentensi mbili tu humo. "Dada yake mume alishika ncha ya pili. Alisoma namba." Sikukutaja, sikukueleza. Ungeziacha, nani angejua? Nimekupenda miaka yote hii nikijifanya sikuona, na nilitaka kuendelea hivyo hivyo.

Kitabu kilikuwa na kiti kimoja cha mtu mbaya. Nilimketisha kaka yako baada ya kufikiri miaka ishirini na mitano. Umemwinua kwa adabu, ukampangusia vumbi, ukamketisha adui yako, na watu wanacheka. Mimi sikuandika kitabu cha kuchekesha.

Mama ameuliza yuko ukurasa wa ngapi. Nimemwambia bado natafuta.

Usijibu. Nakuja.

*

Julai 10

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuja, nimerudi, na hukuniona. Nilitaka iwe hivyo.

Nilianzia kwa Bwana Koma. Kweli anakohoa. Ni mzee sasa, na amenyong'onyea. Aliniambia mjukuu wake amemuuliza kwa nini yumo kitabuni. Nikamwonyesha nakala yangu ya kwanza, niliyoiandika kwa mkono, yenye mpima ardhi na sura ya saba. Aliipitia tena palepale huku nimekaa. Akaelewa mara moja kitu gani kitamtoa kwenye vinywa vya watu: kitabu chenyewe, cha kweli, kitoke kwenye kiwanda chake, chenye nembo yake, watu waone mbaya ni mwingine.

Kwa hiyo nimemuuzia. Si mkataba wa asilimia, nimemuuzia moja kwa moja, haki zote, mpaka mwisho wa dunia. Najua hilo litakuuma kuliko lolote, na nilipotia saini nilikuwa nakufikiria wewe. Masharti yangu yalikuwa mawili. La kwanza, sura ya saba isiguswe hata nukta. La pili, msomaji prufu nimchague mimi. Alikohoa sana kwa hilo la pili, lakini akakubali.

Nimekuchagua wewe.

Zile sentensi zako mbili nimeziongeza. Sasa ni kurasa nne.

Kutoka hapo nikaja kwako. Ulikuwa umekwenda kuuza vitabu. Nikabisha hodi, mlango ukafunguliwa na baba. Miaka mitatu sasa unaniandikia "yuko alipo", kumbe alipo ni chumba chako cha uani. Macho yake yamefunga ukungu, alinielekezea uso kama mtu anayesikiliza redio. Akauliza nani. Nikasema muuza vitabu. Akasema, "Humu hatununui, mama, dada yangu ananisomea kimoja, kinavunja mbavu." Akaanza kunisimulia. Shangazi, alinisimulia kitabu changu. Alikohoa, akajifanya anafuta miwani, alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Nikamuuliza kama kina mpima ardhi ndani. Akafikiri, akasema hapana, hakuna.

Uliwahi kunieleza kwamba prufu husomwa na watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti, maneno na alama zote, koma, nukta, fungua usemi, funga usemi. Mwenzake anafuata na kusema palipokosewa. Mwenzako unaye ndani. Hana macho, atafuata kwa masikio. Msomee kitabu chote, na sura ya saba uisome kama ulivyomsomea ile namba.

Kama hutaki, rudisha prufu, nitakuja kumsomea mwenyewe, uani, majirani wakianika nguo.

Mwanao

*

Agosti 2

Mwanangu,

Sitaki.

Mzee wa miaka sabini na mitano, haoni, na yule mwenye kabati alimtoa nje na begi moja. Nilimkuta kituoni amekaa juu yake. Unayetaka kumpiga ameshapigwa. Sikukwambia kwa sababu ungefurahi, na sikutaka kukuona ukifurahi.

Na umemuuzia Koma. Haki zote. Ungenichinja ungekuwa umenionea huruma. Vitabu vyangu mia mbili vimebaki sebuleni, tunavizunguka tukienda jikoni, na nasikia watu wameanza kusema nilimsingizia mtu.

Damu nzito kuliko maji. Ndilo jibu langu.

Shangazi yako

*

Agosti 14

Shangazi,

Shikamoo. Mama pia ni damu ya mtu.

Prufu ziko kwenye basi. Zipokee.

*

Septemba 28

Mwanangu,

Marahaba. Nasikia kaka yako amepata kazi kwenye ghala na bosi wake ni mwanamke mkali, huenda akanyooka. Salamu kwa mama yako. Mara hii usimwambie zimetoka kwa daktari.

Bahasha ilikaa wiki tatu juu ya maboksi. Nilikuwa napita nikigeuza shingo. Nilikuwa nimekusudia kuirudisha ilivyo na uje ufanye fujo zako uani. Aliyenifungulisha ni kaka yangu mwenyewe. Asubuhi moja tunakunywa chai akaniuliza kama kile cha mkohozi kimekwisha kabisa, hakuna kingine, maana siku ni ndefu. Nikamwambia kipo. Nikavaa miwani.

Alikipenda. Sura tatu za kwanza alikuwa ananiambia huyu mpima ardhi anaijua kazi, mwandishi amefanya utafiti. Nilikuwa nasoma kama ulivyotaka, alama zote, na yeye akafurahia kunisaidia; mahali fulani aliniambia hapo nukta imechelewa, na kweli ilikuwa imechelewa. Sura ya tano akaacha kusema. Ya sita akauliza mwandishi ni nani. Nikamwambia ni yuleyule wa cha mkohozi, na jina nikamtajia. Hakujua mpaka siku hiyo. Sikuwahi kumsomea jalada. Akaweka kikombe chini.

Ya saba niliisoma Jumatatu. Mume akavuta utepe koma akamwambia mkewe fungua usemi sogeza miguu funga usemi nukta. Aliniambia niruke. Nikamwambia prufu hairukwi. Nikasoma zile kurasa zangu nne pia, mwanangu, koma na nukta zake. Ulinitia humo bila huruma na hukukosea. Mstari mmoja niliukosea, nikaurudia.

Nilipomaliza akasema, "Futa hapo."

Nikamwambia mwandishi hakuruhusu.

"Futa. Wewe ndiye mwenye kalamu, na wewe umo."

Nikasema najua nimo. Akanyoosha mkono, akaanza kuipapasa meza, huku na huku, akiitafuta kalamu. Ilikuwa karibu na kikombe chake. Mwanangu, nimemlea kaka yangu miaka mitatu, namkatia kucha, namtafutia ndala zake chini ya kitanda, na nilikwambia damu nzito. Nilimtazama akipapasa, nikamkumbuka mama yako akiinua miguu ili utepe upite. Mimi na wewe tulikuwa na kiti kimoja na watu wawili wa kuketisha. Nikaisogeza kalamu, nikaiweka mahali asipofika. Halafu nikaisoma sura ya saba upya kutoka mwanzo, kwa kuwa alipokuwa akipapasa hakuwa akifuata.

Makosa niliyoyakuta mpaka sasa ni ya wapanga chapa, machache, nimeyatia alama pembeni. Sura ya saba nimeipitisha. Mwambie Bwana Koma kazi hii nimekufanyia wewe, yeye bado tunadaiana, na mwaka ukigeuka nitajua la kumfanya.

Kaka hanisemeshi tangu Jumatatu. Amesema hataki kusikia sura zilizobaki. Nimemwambia sawa, ila chai inanywewa mezani, na mimi nasomea mezani.

Shangazi yako